Kelele Zisizohusika

Sifuri.

Siku mia nne na kumi, upasuaji mia mbili thelathini na mmoja wa kuwatoa watoto, na vifo vya watoto wachanga sifuri. Takwimu hiyo nilionyeshwa ukutani, imeandikwa juu ya picha ya shamba la alizeti, na ukumbi mzima wa wadau ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimefanya tathmini miaka ishirini na sita na sijawahi kukutana na sifuri ya kweli. Nimekutana na watu wanaojua kuhesabu wanachotaka kihesabiwe.

Aliyekuwa akipigiwa makofi ni Dakta Elirehema Tarimo, mkuu wa Mpango wa Mikono. Ni mtu wa tai nyekundu na meno mazuri, ambaye hajamzalisha mwanamke yeyote tangu amalize chuo, na ukimsikiliza utadhani hiyo nayo ni sifa. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Unamchukua ofisa tabibu, mtu ambaye si daktari lakini ndiye pekee atakayekubali kuishi huko ambako madaktari hawaendi, unamvalisha glavu za mwalimu. Ndani ya glavu hizo imehifadhiwa miondoko ya mikono ya bingwa mmoja aliyekwisha fariki. Ukipeleka kisu pasipostahili, kidole kinakazwa. Ukichelewa kubana mshipa, kidole gumba kinavutwa mpaka unabana. Baada ya siku tisini tabibu anapasua peke yake, na ukutani kunaning'inia Mnoa, kisanduku cheupe kinachosikiliza kila kitu, kinachosoma glavu na kutoa alama.

Mnoa haina macho. Akina mama walikataa kutazamwa na mashine wakiwa wanazaa, wakaandamana, sheria ikapigwa muhuri. Katika habari hii yote, hilo ndilo jambo pekee lililoamuliwa na watu wenye akili.

"Mama Nsokolo," Tarimo aliniambia huku akitafuna sambusa, "nenda Lwasengo, sifuri ile ni ya huko. Ndicho kituo chetu bora. Siku tatu, unarudi, unasaini, tunasambaza wilaya arobaini."

"Na watoto wanaozaliwa wafu?"

"Wamefanyaje?"

"Wameongezeka mara tatu tangu mpango wako uanze."

"Aa, hao wanafia tumboni, mama. Hao ni wa jamii. Si wa mpango."

Alisema hivyo na akachukua sambusa nyingine.

*

Lwasengo iko juu kwenye uwanda wa Ufipa, mwendo wa saa nne kutoka hospitali ya mkoa kama mvua haijanyesha. Kama imenyesha, usiulize. Tabibu wake anaitwa Fulgensi Sikombe, mwembamba, mpole, mwenye viatu vya mpira vyeupe anavyovisugua mwenyewe. Wanalwasengo wanamwita dokta. Barua za wizara zinamwita "mtumishi wa kada isiyo ya daktari", kana kwamba mtu anaweza kutambulishwa kwa kile asicho.

"Shikamoo mama. Umekuja wakati mzuri," alisema. "Kuna mmoja yuko mezani. Karibu uvae."

Nilivaa. Mimi mwenyewe nilikuwa ofisa tabibu kabla sijapanda cheo na kuharibika, kwa hiyo sikuhitaji kuonyeshwa pa kusimama. Mwanamke alikuwa macho, amechomwa sindano ya mgongo, ametandikiwa shuka la kijani kifuani ili asione tumbo lake. Mkunga, Yusta, alisimama pembeni na taulo. Mikono ya Fulgensi ilikwenda vizuri. Ilikwenda vizuri kuliko nilivyotaka kukiri. Ngozi, nyama, mfuko wa uzazi, kichwa, mabega, na mtoto akawa nje, wa bluu, amelegea. Nikatazama saa yangu ya mkononi.

Hakuna aliyesema neno.

Fulgensi alimpitisha mtoto kwa Yusta kimya. Yusta akamkausha kimya, akamsugua mgongo kimya, akamwekea barakoa na kuanza kuminya mfuko wa hewa kwa kimya kilekile. Enzi zetu ungesikia kelele mpaka getini: mama, umepata dume, hongera, piga vigelegele! Hapa palikuwa na pumzi za mfuko tu na macho ya mwanamke yaliyokuwa yakizunguka juu ya lile shuka. Hakuuliza. Nilimwona akifumba midomo yake kwa makusudi, mtu aliyekwisha kufundishwa kwamba hapa haiulizwi.

Dakika tatu na sekunde kumi baadaye mtoto akalia. Fulgensi akainua uso kuelekea ukutani na kusema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Ametoka."

"Sekunde nne hadi pumzi ya kwanza," ikasema Mnoa. "Hongera. Alama tisini na nane."

Nilibaki nimeishika saa yangu.

*

Ni lazima nieleze Kanuni ya Kumi na Saba. Mashine isiyo na macho haijui mtoto amezaliwa lini. Wengine hulia baadaye, wengine hawalii. Kwa hiyo iliandikwa kwamba saa ya pumzi ya kwanza itaanza pale mhudumu atakapotamka neno "ametoka", na kuishia sekunde ya sitini. Kanuni ya Kumi na Nane ikaongeza kwamba kila kifo cha mtoto aliyetangazwa kinakata alama kumi na mbili, na kituo kikishuka chini ya tisini, glavu zitajifunga siku thelathini ili kulinda maisha ya wananchi. Na bila glavu, tabibu haruhusiwi kugusa kisu. Mtoto asiyetangazwa hakatwi alama. Huyo huandikwa amezaliwa mfu.

Kanuni hizo zilipitishwa hotelini, baada ya chakula cha mchana, na kamati ya watu saba ambao sita walikuwa wanasinzia. Wa saba alikuwa na kalamu.

*

Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta mwanamke kwenye benchi nje ya ofisi niliyopewa. Alikuwa na kitenge cha zambarau na kadi ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Alijitaja jina, Skolastika, na akasema amesikia nimetoka makao makuu.

"Shikamoo mama. Nataka mniandikie mtoto wangu."

"Marahaba. Umwandikishe kuzaliwa?"

"Kuzaliwa na kufa. Vyote. Hapa wameandika alizaliwa amekufa. Si kweli. Aliishi."

Nimewasikia wengi, na Mungu anisamehe, nilishaandaa sauti yangu ya pole. "Nani amekuambia aliishi, mwanangu?"

Akatoa kadi kwenye plastiki. Ilikuwa cheti cha ubatizo cha parokia. Gervasi, mwana wa Skolastika. Alizaliwa tarehe kumi na nne mwezi wa sita, alibatizwa tarehe kumi na nne mwezi wa sita, katika hatari ya kufa, na Yusta, mkunga.

"Maiti haibatizwi," alisema Skolastika. "Hata mimi wa darasa la saba najua."

Nilisoma kadi ile mara tatu. Kisha nilifunga ofisi, nikatembea hadi parokia, na kumwomba karani wa pale daftari la ubatizo. Alikuwa mama mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinifungulia bila kuuliza barua ya utambulisho, jambo ambalo wizarani lingechukua wiki sita. Nilipitisha kidole. Katika hatari ya kufa, na Yusta. Katika hatari ya kufa, na Yusta. Watoto kumi na mmoja ndani ya siku zile mia nne na kumi. Wote Mnoa ilikuwa imewaandika wafu kabla ya kuzaliwa.

Daftari la kuchorwa kwa rula lilikuwa limefanya tathmini bora kuliko sisi wote na kompyuta zetu.

*

Nina namba ya siri inayofungua kumbukumbu za sauti za Mnoa. Wachache tunayo na hakuna anayeitumia, maana kusikiliza kunachosha na jumla ya alama inatosha. Nilifungua tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Mashine ilikuwa imepanga sauti za siku hiyo kwa mafungu. Fungu la "maagizo" lilikuwa tupu. Fungu la "matamko" lilikuwa na moja tu, la mwisho kabisa. Fungu la mwisho liliitwa "kelele zisizohusika", na humo nilimsikia Gervasi.

Alipumua kwa kukoroma, mara moja moja. Mfuko wa hewa ulikuwa ukiminywa. Dakika ya tatu, ya tano, ya nane, Fulgensi akinong'ona, "Usiache, usiache, moyo upo." Dakika ya kumi nikasikia maji yakimiminwa na sauti ya Yusta ikinong'ona, "Gervasi, nakubatiza kwa jina la Baba." Dakika ya kumi na moja hakukuwa na kitu. Baadaye kidogo Fulgensi alisema kwa sauti ya kawaida, kwa ajili ya ukuta, "Amezaliwa mfu."

"Imepokelewa," ikasema Mnoa. "Alama tisini na saba."

Niliwaita Fulgensi na Yusta. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, na niliyatumia.

"Mnajua mnachofanya kinaitwaje?"

"Tunajua," alisema Fulgensi. Hakukaa. "Mwaka juzi mwezi wa tatu nilikuwa mgeni na glavu hizi. Mtoto alipotoka nikasema ametoka, papo hapo, kama nilivyofundishwa. Akafa dakika ya tisa. Alikuwa na uzito wa paketi ya unga, mama, hata hospitali ya mkoa wasingemweza. Glavu zikafunga siku thelathini. Siku ya kumi na mbili akaja Mama Oresta, akafia kwenye gari. Siku ya ishirini akaja binti mmoja wa sekondari, naye akafia palepale kwenye matope. Mlikuja kunifundisha. Nikafundishika."

"Na huu ubatizo?"

Yusta alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula. "Sasa mama, mtoto anahema, anaondoka, tumwache hivihivi? Kuidanganya mashine tunaweza. Hilo hatuwezi."

"Aliyetunga kanuni hizi," alisema Fulgensi taratibu, "nadhani hajawahi kumshika mtoto mkononi."

"Amewashika mia sita na kitu," nikasema. "Ni mimi niliyeziandika."

Nilingoja wanitukane, na ingenifaa. Yusta alinisogezea kiti tu, na huruma ile ilinikera kuliko tusi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Nikiandika ukweli, Gervasi ameishi, na watoto wengine kumi naye, na glavu za Lwasengo zinafunga dakika hiyo hiyo. Nikiandika uongo, wanawake wa uwanda huu wana mtu wa kuwapasua, Tarimo anapata wilaya zake arobaini, na vyumba arobaini zaidi vya kuzalia vinajifunza kunyamaza.

Skolastika alikuwa bado kwenye benchi. Nilimwita ndani, mbele yao wote wawili, nikamwambia yote, na nikamwekea ile sauti kwa sababu alisema anataka kusikia. Alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Hakulia. Alimgeukia Fulgensi.

"Dakika kumi na moja," alisema. "Nilikuwa nimelala pale pale, dokta. Mkono wangu ungefika. Mbona hamkuniambia nikamshika?"

Fulgensi alikwenda dirishani. Akasimama akitupa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

*

Nilituma ripoti alasiri ile, baada ya Fulgensi kumaliza aliyekuwa mezani. Majina kumi na moja, tarehe, na ukurasa wa daftari la parokia. Mnoa ilichukua sekunde mbili kufanya hesabu ambayo mimi niliifundisha. Glavu zilizokuwa mezani zikakauka, vidole vikanyooka, zikawa kitu kisichovalika.

Skolastika alipokea karatasi yake ya kuzaliwa na kufa kwa Gervasi, akaisoma neno kwa neno, akaikunja ndani ya plastiki pamoja na kadi. Aliondoka bila kuaga, na sikumlaumu.

Tarimo alipiga simu kabla sijanywa chai.

"Umeniua, Restituta."

"Wewe ni mzima, nakusikia unatafuna."

"Umefunga kituo bora nchini! Sasa wanawake wa huko wataenda wapi?"

"Hilo ndilo swali la kwanza la maana nililowahi kulisikia kutoka kwako. Fungua glavu."

"Kanuni hairuhusu. Unaijua kanuni."

Niliijua. Gari langu lilikuwa limewashwa nje, dereva amefunga mizigo. Nilimwambia ashushe. Nimewahi kufunga vituo vingi kwa kalamu na kupanda gari, na kusoma yaliyofuata kwenye jedwali la robo mwaka. Hiki ningekaa nikione.

Haikuchukua siku tatu. Saa nne asubuhi waliletwa na trekta, mama mtu na binti yake Imakulata, uzazi wa kwanza. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia nje hadi kiwikoni, na mtoto amelala kukingama tumboni. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nilimpigia Tarimo.

"Mpeni rufaa," alisema.

"Barabara imekatika."

"Basi andika kwamba mmempa rufaa."

Nikakata simu. Fulgensi alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono imelowa, akitazama boksi la glavu za mpira za kawaida.

"Sijawahi bila zile," alisema. "Hata mara moja. Mikono inayopasua si yangu, mama, ni ya yule marehemu."

"Unajua glavu zile zimekukaza kidole mara ngapi tangu mwezi wa tano mwaka jana?"

"Sijui."

"Hata mara moja. Imeandikwa ukurasa wa tisa wa kumbukumbu. Hakuna aliyeusoma, kwa sababu ukurasa wa kwanza una alama. Umefuzu zaidi ya mwaka mzima, Fulgensi, na wapumbavu tuliotumwa kupima kama umefuzu tulikuwa tunapima jambo jingine. Vaa."

Alivaa. Mimi nikavaa glavu upande wa pili wa meza, kusaidia upasuaji kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na saba.

"Huduma isiyoruhusiwa," ikasema Mnoa iliposikia Fulgensi akiomba kisu. "Huduma isiyoruhusiwa."

"Niizibe na mto?" Yusta aliuliza.

"Iache isikie."

Fulgensi alipasua ngozi polepole, kama anayengoja kidole kikazwe. Kwenye nyama mikono ilishika mwendo wake. Alifika kwa mtoto, akaurudisha ule mkono ndani, akatafuta miguu, akavuta. Mtoto akatoka mweupe, amelegea kabisa, hana sauti. Nikamwona Fulgensi akiangalia ukuta, kwa mazoea, taya limekaza. Kisha akauangusha uso wake upande wa shuka, kwa mwanamke.

"Ametoka!" alipaza sauti. "Imakulata, ametoka! Wa kike!"

"Mzima?"

"Bado hajahema. Yusta anamsaidia. Moyo unapiga. Mwite mwanao."

Yusta hakumpeleka kwenye meza ya pembeni. Alimlaza pale pale karibu na bega la mama na kuanza kuminya mfuko. Imakulata akatoa mkono chini ya shuka, akaukamata mguu wa mtoto, na akaanza kuongea. Alimwambia njoo. Alimwambia bibi yako yuko nje na matope hadi magotini, usimwaibishe. Alimwambia mengi ambayo hayakuwa na mpangilio, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Sekunde sitini zimepita," ikasema Mnoa. "Umeshindwa. Tafadhali rudia mafunzo."

Fulgensi alikuwa anashona. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye barakoa yake na mikono haikusimama. Mimi nilikuwa nimeshika uzi na sikuweza kutazama saa.

Mtoto alikohoa, akanyamaza, kisha akalia kilio kibaya cha hasira. Nje yule bibi alipiga kigelegele hadi trekta la watu likazimwa.

Alasiri nilifungua kumbukumbu ya siku. Sauti ya Imakulata akimwita mwanawe ilikuwa pale pale nilipotarajia, katika kelele zisizohusika. Kilio cha mtoto kilikuwa na mstari wake peke yake, sekunde ya mia moja arobaini na moja, na mbele yake mashine ilikuwa imeandika kwa lugha yangu mwenyewe: nje ya muda.